Bamvua Hadi Bamvua: Mwongozo wa Kuligeuza Wazo Kuwa Kazi

Kaa katika baraza yoyote ya Pemba baada ya sala ya alasiri, iwe Konde, Wete au Mtambile, utasikia mawazo yenye akili. Mmoja anajua namna ya kuyazuia maji ya chumvi yasiingie bonde la mpunga. Mwingine ameshapiga hesabu ya faida ya kuku 200 na hajanunua hata kifaranga. Rudi baada ya miezi 6, utayakuta mawazo yale yale, yamezidi ufasaha tu.

Wala si kwamba watu hawa hawakusoma. Wengi wana vyeti vya semina kabatini: ya ujasiriamali, ya ufugaji nyuki, ya mabadiliko ya tabianchi. Walirudi na daftari, kalamu na posho, basi. Halafu wapo wasiokaa barazani kabisa. Wamemwona jirani kafaulu, kesho yake wamekopa na kuanza, na msimu ukiisha wanadaiwa bila kujua walipokosea.

Mwongozo huu ni wa makundi yote mawili. Unahitaji daftari, kalamu, na kujua mwezi umeandama lini. Mifano mingi ni ya bahari na shamba kwa kuwa ndizo kazi za wengi kisiwani, lakini fundi cherehani wa Chake Chake au kijana anayesoma kompyuta ataufuata bila taabu.

KWANZA, KWA NINI

Tumezoea kuamini kuwa mambo haya hukaa foleni: unasoma, ukihitimu unafikiri, ukishafikiri unafanya. Anayengoja foleni hiyo imalizike huzeeka akingoja. Katika kazi yoyote ya kweli, kufikiri, kujifunza na kutenda huingiliana kila siku, na kila kimoja kikiachwa peke yake huharibika kwa namna yake.

Wazo lisilojaribiwa halina mpinzani. Barazani hushinda mwenye maneno. Ukisema mwani utaota vizuri zaidi karibu na mkondo, wenzako watakubali au watakataa, na yote yatakuwa kusema tu. Funga kamba mbili kule na mbili hapa. Baada ya wiki 6 hakuna tena cha kubishania.

Kazi isiyofikiriwa nayo haifundishi. Ukibadilisha mbegu, mahali na siku ya kufunga kwa mpigo mmoja, mavuno yakiharibika hujui kilichoyaharibu. Yakikubali ndiyo hatari zaidi, maana mwakani utarudia yote matatu ukiamini yote yalikusaidia.

Na elimu isiyotumiwa hutoroka. Jaribu kukumbuka mambo matano uliyofundishwa katika semina yako ya mwisho. Uliyoyakumbuka, bila shaka, ni yale uliyoyafanya ulipofika nyumbani.

Tanzania Bara waliufahamu ukweli huu katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu wapatao milioni 2 walikutana katika vikundi vya kusikiliza redio, wakiwa na kitabu na kiongozi wa kikundi. Kipindi kikiisha walijadili, kisha wakaamua cha kufanya pale pale kijijini: kuchimba choo, kufukia madimbwi ya mbu, kusafisha kisima. Kwa maoni yangu, nguvu ya kampeni ile ilitokana na ufupi wa muda kati ya kusikia na kushika jembe.

WALICHOFANYA KISIWA PANZA

Kwa Pemba, mfano mzuri zaidi ninaoujua ni wa pweza.

Pweza wa miambani mwetu ana maisha mafupi. Kwa kawaida hafikishi miaka miwili. Lakini hukua kwa kasi kubwa, na mdogo akiachwa miezi michache tu uzito wake huongezeka mara kadhaa. Jike hutaga mara moja katika maisha yake, hukaa na mayai shimoni akiyalinda bila kwenda popote, na yakishaanguliwa hufa. Kwa hiyo kumchokoa pweza angali mdogo ni kujinyima pweza mkubwa wa baada ya miezi mitatu, pamoja na mayai yake.

Huko Andavadoaka, kusini-magharibi mwa Madagaska, wanakijiji walijaribu kumwacha pweza akue, mwaka 2004, kwa kufunga sehemu ya mwamba kwa miezi kadhaa. Katikati ya miaka ya 2010, watu wa Kisiwa Panza, kile kisiwa kidogo cha kusini ya Pemba unachokifikia kwa chombo kutoka Chokocho, nao wakafunga sehemu ya mwamba wao. Walishirikiana na Mwambao, shirika la Zanzibar linalofanya kazi na jamii za pwani. Vijiji vingine vya Pemba vikafuata.

Tazama jinsi jaribio la namna hii linavyopangwa, maana mwongozo wote umo humo. Haifungwi bahari nzima. Inafungwa sehemu, na watu wanaendelea kuvua kwingine. Haifungwi milele, ni miezi mitatu hivi, na siku ya kufungua inajulikana tangu mwanzo. Siku hiyo pweza hupimwa kwa mizani, kwa hiyo hakuna atakayesema "naona kama wameongezeka". Na jambo lisipofaa, kilichopotea ni miezi michache ya kipande kimoja cha mwamba.

Tazama pia nani anajua nini. Mtaalamu wa samaki anajua umri wa pweza. Wachokoaji, ambao wengi ni wanawake wanaokwenda kwa miguu maji yakipwa, wanajua shimo lipi lina pweza kila mwaka na lipi halijawahi kuwa naye. Kamati ya uvuvi ya shehia inamjua atakayeingia usiku na kurunzi. Ukimwondoa mmoja wao, jaribio linakufa.

Wala si hadithi tamu tupu. Miamba inayofungwa namna hii, hapa na kwingine, ina shida yake siku ya kufungua. Huja watu ambao hawakulinda, mwamba hukanyagwa, pweza wengi hutolewa kwa siku moja na bei hushuka. Ndiyo sababu kila ufunguzi inafaa ufuatwe na kikao: nani aingie kwanza, mnunuzi aarifiwe lini, mipaka iwekwe alama gani. Wanaofanya kikao hicho hufunga tena wakiwa na utaratibu ulio bora. Wasiokifanya hugombana.

KWA NINI BAMVUA

Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana. Hilo ni bamvua. Katikati yake, mwezi ukiwa nusu, maji hayaendi mbali. Hayo ni maji mafu. Kila siku 14 au 15 bamvua hurudi, hata bosi asipokuwepo, hata mradi ukiisha.

Mkulima wa mwani na mchokoaji pweza huenda kazini bamvua na kushughulika nyumbani maji mafu. Nakuomba uitumie ratiba hiyo hiyo kwa kazi yoyote: bamvua tenda, maji mafu kaa ufikiri na ujifunze. Wiki mbili zinatosha kuona jambo likibadilika, na hazitoshi kulisahau. Mipango ya mwaka mzima ni mizuri kwa ofisi yenye karani wa kukumbusha. Wewe huna karani.

HATUA KWA HATUA

1. Andika swali. "Nataka kuwa mfugaji mkubwa" ni dua. Iombee, lakini haijaribiki. "Kuku 10 wa kienyeji wakifungiwa bandani usiku, watapungua wangapi kwa mwezi mmoja?" ni swali. Swali zuri utalijua kwa alama moja: jibu lake linaweza kukuudhi.

2. Uliza watu watatu wasiofanana. Wa kwanza ni mzee wa kazi hiyo. Wa pili ni anayeifanya sasa hivi. Wa tatu ni mtaalamu: bibi shamba au bwana shamba, afisa uvuvi, mwalimu wa fani. Kila mmoja ana lake ambalo wenzake hawana.

Chukua mwani. Kilimo chake cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, upande wa mashariki wa Unguja, kisha kikaenea Pemba, na leo Pemba ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya mwani wa Zanzibar. Kuna aina mbili kubwa: spinosamu, ule mwembamba wa bei ndogo, na kotonii, ule mnene wa bei nzuri. Kotonii haustahimili joto, na maji ya kina kifupi yalipozidi kupata moto ukawa unakufa mahali pengi. Ukimuuliza mtaalamu atakwambia upeleke kamba maji ya kina zaidi, penye ubaridi. Hilo ni sahihi. Watafiti kama Dkt. Flower Msuya wamelishughulikia kwa miaka pamoja na wakulima, wakajaribu hata nyavu za umbo la bomba. Sasa muulize anayelima leo. Atakuuliza wewe: "Nitafika kwa chombo cha nani? Mimi kuogelea sijui." Hilo nalo ni sahihi. Aliyemsikiliza mmoja tu ameshapoteza pesa zake.

Namna ya kuuliza ina adabu yake. Ukifika kwa mzee usianze na rai yako, kwa kuwa kwa heshima atakubaliana nawe na utatoka kama ulivyoingia. Muulize alichokiona: "Shikamoo bibi. Mwaka ule mwani ulipokufa, mlianza kuona nini kwanza?" Kisha nyamaza. Majibu ya maana huja baada ya kimya, kwa kawaida kahawa ikiwa imeshapoa.

3. Punguza jaribio mpaka hasara yake uweze kuicheka. Badala ya kuku 200, kuku 10. Badala ya kukodi mlango wa duka Chake Chake, meza moja nje ya nyumba siku za gulio. Kama hasara itakukosesha usingizi, jaribio bado ni kubwa.

4. Badilisha kitu kimoja tu. Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayotofautisha mtu anayejifunza na mtu anayehangaika. Ukitaka kujua kama mahali papya pana faida, basi mbegu itoke fungu moja, ifungwe siku moja, na mtu yule yule, kwa nafasi ile ile baina ya mche na mche. Na acha kamba nyingine pale pa zamani ziwe za kulinganishia. Bila za kulinganishia, mwezi wa mvua nzuri utakudanganya kuwa ni akili yako.

5. Andika unachotarajia kabla ya kuanza. Mstari mmoja unatosha: "Nadhani kamba za kule zitakuwa nzito zaidi." Kumbukumbu ya mtu ni mdanganyifu mstaarabu: matokeo yakishatoka, kila mmoja husema "nilijua". Mstari ulioandikwa kabla hukunyima nafasi hiyo, na hapo ndipo kujifunza kunapoanza. Ukiona ulikosea mara nne mfululizo kwa upande ule ule, umegundua kitu kuhusu akili yako mwenyewe, si mwani tu.

6. Taja siku, umwambie mtu mmoja. Chagua yule atakayekuuliza "umefanya?" bila kukuonea haya: mke, mume, dada, mwenzio wa kazini. Usitangaze barazani. Ukitangaza utapewa sifa kabla ya kazi, na sifa ikishaliwa kazi hupoa.

7. Siku ikifika, fanya. Hata nusu yake.

8. Maji mafu yakija, fungua daftari. Jibu maswali matatu kwa maandishi: Nini kilitokea? Kilitofautiana wapi na nilichotarajia? Nani anaweza kunieleza sababu? Swali la tatu ndilo linalokurudisha kujifunza. Sasa ndio wakati wa kumwendea mtaalamu tena, au kusoma, au kutafuta kwenye simu, kwa sababu sasa unajua unachokitafuta. Semina moja uliyoiendea na swali lako mkononi ina thamani kuliko tano ulizoziendea kwa kualikwa.

9. Andika neno moja: endelea, rekebisha, au acha. Kuacha ni uamuzi halali. Aliyeacha kuku 10 baada ya miezi miwili amejua kitu ambacho yule wa kuku 200 wa barazani hakijui mpaka leo.

KISANDUKU: UKURASA WA DAFTARI, MFANO

Huu ni mfano wa kubuni, tuseme ni wa mkulima wa mwani wa Maziwa Ng'ombe. Jipimie wako.

Swali: Kamba zikisogezwa karibu na mkondo, mwani utakuwa mzito zaidi?
Niliowauliza: mama yangu mkubwa, jirani anayelima kule, bibi shamba.
Ninachobadilisha: mahali tu.
Ninacholinganisha: kamba 2 za zamani na kamba 2 za kule. Urefu mmoja, mbegu fungu moja, taitai (nyuzi za kufungia mbegu) aina moja.
Natarajia: za kule zitazidi.
Atakayeniuliza: dada.
Bamvua la 1: zimefungwa zote siku moja, baada ya mambo (vigingi) kukazwa.
Bamvua la 2: za kule, mbegu kadhaa zimekatika. Mkondo? Au fundo langu? Za huku, samaki tasi wamekula ncha.
Maji mafu: nimemuuliza jirani. Kasema fundo liwe la kubana kidogo zaidi, na mbegu isiwe kubwa mno.
Bamvua la 3: za huku, baadhi ya matawi yamegeuka meupe. Za kule hapana.
Bamvua la 4, mavuno: nimepima mabichi kwa mizani ya jirani, kamba kwa kamba. Nimepima tena makavu.
Neno: rekebisha. Nitarudia kule kwa fundo jipya, kamba 4.

Angalia mstari wa bamvua la 2. Mkulima huyu ameandika maswali mawili na hakukimbilia jibu. Kama angeandika "mkondo mbaya", jaribio lingeishia hapo na mahali pazuri pangepotea. Angalia pia kuwa amepima makavu. Mwani huuzwa mkavu, na uzito wa maji si uzito wa mfukoni.

TAHADHARI

Yapo mambo ambayo si ya kujaribiwa kwa mtindo huu, na ni lazima niyataje wazi.

• Usijaribu dawa wala kuacha dawa. Afya ya mama mjamzito na ya mtoto ina kituo cha afya.
• Usiijaribu bahari. Kabla ya kutoka na chombo, hasa wakati wa kusi, sikiliza taarifa ya upepo na mawimbi ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, na uwaulize wazee wa diko. Wakisema leo hapana, ni hapana.
• Usipande mkarafuu kwa kubahatisha. Kila msimu watu huanguka.
• Usijaribu kwa pesa za wenzio. Mkopo wa kikundi cha hisa ni jasho la watu wenye majina na watoto. Jaribio dogo ulifanye kwa chako. Mkopo uje baada ya daftari kusema "endelea" zaidi ya mara moja.
• Usifunge mwamba, usikate mikoko, wala usibadili matumizi ya eneo la pamoja bila sheha na kamati ya shehia. Hata wazo jema likipita mlango wa nyuma huitwa wizi.

MAKOSA YANAYORUDIWA

Kujifunza kama maficho. Kijana anasoma kompyuta Wete, amemaliza kozi ya kwanza, anaulizia ya pili, na hajawahi kumchapia mtu hata barua. Kozi mpya ni mahali salama: hapo hakuna mteja wa kukurudishia kazi. Dawa yake ni kanuni moja kali. Usianze somo jipya mpaka lile la zamani uwe umelitumia kwa mtu mmoja aliyekulipa au aliyekulaumu.

Kuiga matokeo. Unaona mwenzio anauza majongoo bahari, unaona pesa; huoni miaka aliyopoteza, wala ndugu anayemnunulia. Ukitaka kuiga, iga alivyoanza. Mwombe akusimulie mwaka wake wa kwanza.

Kuchanganya bahati na akili. Dhoruba ya mwaka 1872 iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, ya Pemba ikasalimika kwa kiasi kikubwa, na Pemba ikaja kuwa kisiwa cha karafuu. Mkulima wa Pemba wa wakati ule hakuwa na akili kuliko wa Unguja. Kwa hiyo jaribio moja likifaulu usijenge nyumba juu yake, rudia. Likishindwa mara moja kwa sababu ya mvua isiyo ya msimu, rudia pia.

Kufikiri peke yako usiku. Yale tunayoyaita mawazo, saa 8 za usiku, mara nyingi ni hofu tu. Yaandike, lala, uyasome mchana.

KAZI ZA MUDA MREFU

Bila shaka utauliza: na mkarafuu je? Mche unakaa miaka 6 au zaidi kabla ya kuzaa. Hakuna bamvua litakalokupa jibu la mavuno.

Hapo tafuta dalili ya mapema. Kwa miche ya mikarafuu, swali la mwaka wa kwanza ni moja: ingapi iko hai baada ya jua la kaskazi? Panda mingine chini ya kivuli cha migomba na mingine bila kivuli, mwagilia sawa, na uhesabu. Miche mingi inayogawiwa kisiwani hufa kwa kukosa matunzo ya miezi ya mwanzo, si kwa kukosa semina.

Pia ndani ya kazi ndefu kuna kazi fupi. Karafuu inachumwa ikiwa tumba, kabla haijachanua, na hukaushwa juani kwa siku 3 hadi 5 hivi, kwa kutegemea jua. ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, hununua kwa madaraja, kwa hiyo uanikaji una bei yake. Chukua karafuu za siku moja na mti mmoja: nusu uichambue na kuianika kwenye majamvi mapema asubuhi, nusu irundikwe mpaka kesho kama wengi wanavyofanya wakichoka. Kwa siku nne utaiona tofauti ya rangi kwa macho yako, na hutahitaji bwana shamba kukuhubiria.

Ukipanga kwa mtoto anayesoma, fanya vivyo hivyo. Usingoje matokeo ya kidato cha nne. Kila maji mafu mwambie akueleze kwa maneno yake jambo moja alilojifunza darasani au chuoni, kisha mtafute pa kulitumia: apime shamba, asome lebo ya dawa ya mifugo, apige hesabu ya mwani uliouzwa.

MKIWA KIKUNDI

Vikundi vya kuweka na kukopa tayari vina nidhamu ambayo mtu binafsi hana: siku maalumu, sanduku la funguo tatu, hesabu inayosomwa mbele ya wote. Ongezeni dakika 20 tu. Kila kikao, wanachama wawili wasome kurasa zao: swali, lililotokea, neno. Wengine waulize maswali. Ushauri usitolewe mpaka maswali yaishe. Mwenyekiti awe mkali hapo, maana kwetu ushauri hutoka haraka kuliko salamu. Na anayesema "nimeacha" apigiwe makofi sawa na anayesema "naendelea", la sivyo kikao cha tatu watu wataanza kusema uongo.

KABLA HUJAANZA, JIKAGUE

☐ Swali langu lina jibu linaloweza kuniudhi.
☐ Nimewauliza watu watatu, na mmoja wao hakukubaliana nami.
☐ Nikipoteza chote nilichoweka, watoto watakula kama kawaida.
☐ Nabadilisha kitu kimoja, na nina cha kulinganishia.
☐ Nimeandika ninachotarajia, na tarehe.
☐ Nina kipimo: mizani, hesabu, saa au pesa.
☐ Mtu mmoja anajua siku yangu.
☐ Hakuna uhai wa mtu wala mali ya pamoja katika jaribio hili.

Ukikosa hata moja, usianze. Rudi hatua ya 1. Ukiyapata yote, usisome tena ukurasa huu. Tazama mwezi umefika tarehe ngapi, hesabu siku zilizobaki kufikia bamvua, uandike siku hiyo juu ya daftari lako leo, kabla ya kulala.